Mstari Usiopuliziwa Salfa

Shida zangu zilianza mwaka 2018, nikiwa na miaka sitini na mbili. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi tu, shida sikuzijua. Shule niliishia darasa la pili. Shamba langu la mikorosho huku Newala nilifyeka pori mwenyewe, sikurithi hata mti.

Mwaka ule alikuja binti mtafiti, mzaliwa wa Mkunya. Chuo kikuu cha nje kilimsomesha na kumpa hadubini, ili ugonjwa wa mikorosho uchunguzwe na watu wa hapahapa. Akaniambia, "Baba, mstari wa katikati usipuliziwe dawa ya salfa. Nikikosa miti ya kulinganisha, masomo yangu yamekwisha." Nikakubali. Mimi nikikubali nimekubali.

Maua yalipotoka, mstari ule ukajaa unga mweupe wa ugonjwa. Shamba la jirani ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Asubuhi moja, binti yuko anakagua maua, shemeji akaja na panga.

"Shemeji, unafuga ugonjwa!"

"Nafuga elimu."

"Elimu gani, wewe wa darasa la pili? Mimi ndiye mjomba wa wanao. Hapa nina sauti!"

Kwetu Wamakonde ni kweli, mjomba ana sauti juu ya watoto. Juu ya miti yangu, hana. Akakata tawi, akakata jingine. Binti akakimbia, akakumbatia shina. Shemeji akamvuta nywele, akampiga teke la tumbo. Nikamtwanga mgongoni kwa mpini wa jembe. Akageuka na panga. Nilikinga kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vikaanguka kwenye majani makavu. Sikuacha. Nilimpiga usoni mpaka meno yakamtoka, na ningeendelea kama binti asingepiga kelele, "Baba, utaua!"

Matawi yaliyobaki yalitosha. Binti alimaliza utafiti wake, na sasa anafundisha vijana wa huku kutumia hadubini ile.

Mke wangu hakuuliza nani alianza. Nilikuwa nimemwaga damu ya mjomba wa watoto, basi. Alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake.

Leo nina shamba la mikorosho, nyumba ya bati, tangi la maji, pikipiki, mbuzi wachache na vidole vinane. Mke sina.