Nyumba Moja, Bibi Mmoja

Jumamosi iliyopita nilikuwa Auburn, mtaa wetu wa zamani huku ughaibuni, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika karibu na stesheni, nachagua sombe, yale majani ya muhogo, kwenye friza. Mtoto mmoja nyuma yangu akaita, "Koko!" Nikageuka kabla ya mwenyewe kugeuka. Ajuza wa watu akaja na kapu lake, akanitazama, nami nikajifanya nasoma bei ya ndagala, dagaa wa Kikongo. Rafiki yangu, nilitoka pale mikono mitupu. Neno lile halijasikika nyumbani kwetu tangu enzi ya korona.

Wakati ule tulikaa mtaa wa pili kutoka dukani hapo, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Baba ni mtu wa Tanga, anaendesha lori la makontena kule bandarini, Port Botany. Mama ni Mkongomani wa Uvira, analea wazee katika nyumba ya wazee. Aliyetulea mimi na mdogo wangu ni mama yake Mama, tukamwita Koko kama wanavyomwita bibi kwao. Hatukuona ajabu. Watoto wa Kilebanoni wa chini walikuwa na Teta, Wakenya tuliopakana nao walikuwa na Shosho, sisi tulikuwa na Koko, na sote tulimkimbilia yule mwenye biskuti siku hiyo. Koko alikuwa na kinu kidogo pale roshanini. Alitwanga karanga za kutia kwenye sombe huku akiimba nyimbo za kanisani, na harufu ilishuka ngazi zote mpaka mlango wa chini.

Halafu akaja Bibi, mama yake Baba, kututembelea kwa muda mfupi. Mipaka ikafungwa nyuma yake, ndege zikakatika, akabaki nasi. Sitamnyima haki yake: vitumbua vyake sijaonja vingine kama vile, na khanga zake zilinukia udi. Lakini ulimi wake, lo! Alipewa chumba cha Koko, Koko akahamia kwenye kochi la sebuleni. Siku ya kwanza aliposikia tunaita "Koko" alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Kwetu koko ni mbwa asiye na mwenyewe," akasema.

Alimwambia hivyo mwanamke aliyekimbia vita na mtoto mgongoni. Koko alicheka naye, akidhani ni utani wa wakwe. Kisha ikatoka amri: nyumba moja haina bibi wawili. Yeye ndiye Bibi, na yule mwingine ni mama yake Mama, basi tumwite hivyo. Mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka minne, akalifupisha likawa Mamake Mama. Mimi nikiteleza nikasema Koko, Bibi alinifinya sikio na kuniita mke mwenzake asiye na adabu, akicheka, maana kwa mjukuu kila kitu ni utani.

Asubuhi alitupanga mbele yake. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba." Koko alituona akapenda. Kwao Uvira hawana shikamoo, ni jambo tu kwa mkubwa na mdogo, akafikiri ni namna ya kumheshimu mgeni. Kesho yake akaja na chai ya Bibi mkononi, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Bibi." Nilingoja Bibi amkatalie, kama watu wazima wanavyokataa shikamoo ya mwenzao. Bibi akapokea kikombe, akajibu marahaba, kama anamjibu mtoto.

Ikawa kila siku. Mama alimweleza Koko pembeni jikoni kwamba shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Koko akasema, "Acha tu, mwana wangu, hiyo neno haitaniuma." Mama hakuthubutu kumkabili mama mkwe, na Baba aliondoka kabla hatujaamka. Mimi niliumia kwa niaba yao wote.

Mwaka wa pili wa korona tulifungiwa ndani, helikopta zilizunguka juu ya mitaa yetu na polisi wakapita kwa miguu wakiuliza unakwenda wapi. Mama akaleta ugonjwa kutoka kazini, akajifungia chumbani. Bibi hakuusogelea mlango ule. Koko ndiye aliyepeleka uji, Koko ndiye aliyeondoa vyombo, na Koko ndiye aliyeshikwa nao. Wahudumu wa ambulensi waliuliza mgonjwa alizaliwa lini. Mama akautaja mwaka kwa sauti kutoka nyuma ya mlango, na sebule nzima ikasikia: Koko alimpita Bibi kwa miaka minane. Bibi aliinamisha macho akachezea pindo la khanga.

Hospitalini hatukuruhusiwa. Nesi alimshikia Koko simu ya video, sisi tukaizunguka ya Baba kutazama. Koko alikuwa na mipira ya oksijeni puani. Akatuuliza kama tumekula. Kisha akamwona Bibi kwenye kochi nyuma yetu.

"Shikamoo, Bibi."

Baba akageuka. "Mama, mjibu vizuri. Sasa unajua ni mkubwa wako."

Neno moja tu, rafiki yangu, neno moja lingemrudishia Koko kila kitu.

"Marahaba," akasema Bibi. "Ugua pole."

Koko akashukuru. Kesho yake hakukuwa na simu ya kupiga.

Mipaka ilipofunguliwa Bibi akarudi Tanga. Kinu Mama alikigawa, hakuweza kukitazama. Basi Jumamosi iliyopita nilipotoka dukani nikamkuta mdogo wangu sebuleni, mkubwa sasa, nikamwonyesha picha ya mwanamke ameshika mchi. Nikamuuliza ni nani. Akafikiri. "Mamake Mama," akasema. Nikamuuliza, si bibi yetu? Akanijibu kwa Kiingereza kwamba bibi tunaye mmoja tu, yuko Tanga.

Kabla sijafungua mdomo simu ya Tanga ikalia. Mdogo wangu akaipokea, akampa Bibi shikamoo yake, akapata marahaba yake, akaninyooshea simu.

"Jambo, Bibi," nikasema.

Alikuwa anangoja shikamoo.

"Hiyo ndiyo salamu uliyofundishwa?"

"Ndiyo, Bibi. Alinifundisha Koko."