Njiti Arobaini na Mbili

Katika maonyesho ya sayansi pale Bagamoyo nilipangiwa meza ya mwisho, karibu na vyoo, na sikufurahi hata kidogo. Wa kemia walikuwa na moshi wa rangi, wa fizikia walikuwa wanarusha chupa angani. Mimi, mwalimu wa hesabu kutoka Zinga, nilikuwa na njiti za kiberiti na bango lililosema: Leta swali lako. Zamu yangu ya kipaza sauti ilipofika nilikikamata kwa uchu.

Mama mmoja wa makamo akasogea. Alikuwa amekuja na majirani zake kwa gari la kukodi, akina mama wa kijiji kimoja huko kaskazini, nao wakajipanga mbele ya meza. Yeye aliniinamia, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, dada yetu kafariki. Wazazi hawapo, mtoto hakuacha. Kaacha mume, na sisi wadogo zake wawili, na minazi arobaini na miwili. Chuoni, kwenye Kurani, tulifundishwa, dada wawili wana theluthi mbili. Shemeji anasema yetu ni ishirini na minne. Nihesabie tu, roho yangu itulie."

Ningemhesabia polepole, kimyakimya, kama alivyoomba. Lakini watu walikuwa wameanza kujaa, na mimi napenda watu wakijaa.

"Ishirini na minane!" nikasema kwenye kipaza sauti. "Hesabu haina ushemeji, jamani. Mama huyu anaibiwa minazi minne mchana kweupe!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Jirani mmoja akasema, "Si nilisema mimi? Yule bwana hafai." Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Bwana mmoja wa rika la baba yangu alikuwa amesimama pale, kanzu safi, kofia kaivua kaishika mkononi.

"Shikamoo," nikasema. Ilikuwa salamu iliyochelewa.

"Marahaba. Mimi ndiye huyo mwizi." Hakupandisha sauti. "Nipangie na fungu langu, mwalimu. Mume ambaye mkewe hakuacha mtoto, anapata nini?"

"Nusu."

"Haya, nipe nusu yangu."

Nikaweka njiti arobaini na mbili mezani, moja kwa kila mnazi. Nikatenga ishirini na nane za akina dada. Zikabaki kumi na nne. Nusu yake ilikuwa ishirini na moja. Nikahesabu upya, jasho linanitiririka mgongoni, na kipaza sauti kikitoa kila pumzi yangu uwanja mzima. Nusu na theluthi mbili haziwezi kuenea katika kitu kimoja. Jambo hilo nililifundishwa chuoni nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nilichapwa kwa kulisahau: mafungu yakizidi mali, kila mmoja hupunguziwa kwa kadiri ya fungu lake. Nusu ni tatu za sita, theluthi mbili ni nne za sita, jumla saba. Basi shamba hukatwa mafungu saba. Mume matatu, dada wawili manne. Minazi kumi na minane kwake, ishirini na minne kwao.

Vilevile alivyosema.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa na spika mbili. Nikatangaza kosa langu. Nikazipanga njiti upya, mafungu saba ya sita sita, nikaeleza hatua kwa hatua, nikamwomba radhi yule bwana. Mama akajifuta macho kwa upande wa mtandio, akamwambia, "Shemeji, nisamehe. Nilitaka kujua tu."

"Yamekwisha," akamjibu. Kisha akanigeukia. "Nawe nimekusamehe, mwanangu. Ila waliokuwa hapa mbele wanakwenda wapi?"

Nikatazama. Mbele ya meza palikuwa peupe. Majirani walikuwa wameshacheka, wameshaondoka bila hata kumngoja mwenzao. Kumbe nimeungama kwa watoto waliokuwa wanasubiri kuchezea njiti.

Nikakitupa kipaza sauti mezani, nikakimbia hadi barabarani na njiti zangu mkononi. Gari la kukodi lilikuwa linakata kona, na ndani yake akina mama walikuwa bado wanacheka.