Miche ya Ruzuku ya Mama

Mama alikuwa ameniambia waziwazi: akihamia kwangu Biharamulo, atakufa kabla ya siku zake. Nami nilimwambia waziwazi kwamba nimechoka kumlea mtu aliyeko Ngara. Tukanuniana. Ndipo ikaja ruzuku ya maparachichi. Serikali ilichangia bei ya miche iliyobebeshwa, ile ya matunda yanayopelekwa nje, na Mama akajiandikisha hapo kijijini kwake Murukulazo pamoja na wenzake wa kigangoni. Tukakubaliana: miti ikimlisha, atabaki kwake na mimi nifunge mdomo. Isipomlisha, anafunga mizigo.

Kusema kweli, nilitaka imlishe. Mama na mke wangu hawaivi chungu kimoja.

Siku ya kugawa miche, bibi shamba alieleza kwamba kila mche ni miti miwili iliyounganishwa: chini mparachichi wa kienyeji, kwa ajili ya mizizi, juu kijiti cha aina ya kisasa, ambacho ndicho kitakachozaa. Mama alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, kwa heshima, huku anawaza yake. Amelima migomba maisha yake yote. Nani angemfundisha kutunza mmea?

Basi akaitunza. Akaweka samadi, akafunika mashina kwa majani makavu ya migomba, akachota maji kiangazi chote. Nilipokwenda kumwona nilikuta miti imenipita urefu, majani mapana, yanang'aa. Nikamsifu. Akacheka, akaniambia watu wa mjini tunashangaa kila kitu.

Bibi shamba alipopita kukagua, nilikuwepo. Akainama kwenye mti wa kwanza, akapapasa shina. Akaenda wa pili. Alipomaliza shamba zima ndipo akauliza, "Mama, vile vijiti vya juu vilikwenda wapi?"

"Nilivikata," Mama akasema, bila wasiwasi. "Vilikuwa vimedumaa. Machipukizi ya chini yalikuwa manene, nikayaachia chakula."

Ndivyo tufanyavyo kwenye migomba. Unachagua chipukizi lenye nguvu, lililo dhaifu unaling'oa. Mikono yake ilifanya inachokijua, tena kwa uangalifu, mti baada ya mti. Jamani! Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa.

"Sasa haya ni maparachichi ya kienyeji, mama," bibi shamba akasema. "Wanunuzi hawayachukui. Na ruzuku ni mara moja tu kwa kila kaya. Kubebesha upya inawezekana, ila itabidi uanze kusubiri upya, miaka."

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kihangaza kama amesikia vizuri. Nikamwambia ndiyo. Hakubishana, na hilo ndilo lililoniuma, maana Mama hubishana hata na mvua. Alimshukuru bibi shamba, akamkatia mkungu wa ndizi aondoke nao, kisha akaingia ndani kukunja nguo zake.

Sasa yuko kwangu. Ule ugomvi niliouogopa haukutokea. Yeye na mke wangu hawajakwaruzana hata mara moja. Kila asubuhi Mama anaoga, anavaa kitenge chake cha kanisani, anasimama kama mgeni kwenye mlango wa sebule na kumuuliza mke wangu akae wapi.