Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Ufunguo ule ulipaswa kuwa wangu. Nasema wazi, na hata leo nikikumbuka roho inaniuma. Nilikuwa nimeshona sare za shule miaka minne katika karakana ile ya Mlandege, Iringa, tangu nilipohama kwetu Mbeya. Kisha akaja binti wa Kibena ambaye hata kutia uzi kwenye cherehani nilimfundisha mimi.

Balaa lililetwa na mkaguzi wa viwanda. Alikuja, akautazama mlango wa nyuma uliofungwa kufuli mwaka mzima, akasema moto ukitokea tutakufa kama kuku tengani. Akaamuru ugeuzwe ufungukie nje, usitiwe kufuli saa zote za kazi, na mbele yake pasiwekwe kitu. Tajiri wetu, aliyeogopa wezi kuliko moto, akataka mtu mmoja wa kuaminika: afungue asubuhi, afunge jioni, ailinde njia mchana kutwa. Akamchagua yule binti!

Basi akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya katani. Akiinama kukata kitambaa, unaning'inia. Akicheka, unacheza. Wenzetu wakaanza kumwita Mama Mlango, naye akiitika kwa madaha. Mimi kila nikiuona, chakula hakishuki.

Mkaguzi akatuma habari kwamba atarudi Alhamisi. Asubuhi hiyo binti alipotoka kuchota maji, nilibeba majora ya khaki, moja moja, nikayapanga mbele ya mlango ule hadi kifuani. Nilitaka akaripiwe mbele za watu, basi. Hakuna aliyeniuliza, maana miaka yote majora tulikuwa tukiyapanga palepale.

Mkaguzi hajafika, binti hajarudi, pasi ya mkaa ikadondosha kaa kwenye vipande vya pamba karibu na mlango wa mbele. Moshi ukajaa. Tukakimbilia nyuma, tukagonga majora. Fundi mmoja mzee akaanguka, wengine wakamwangukia. Ndipo nikasikia sauti ya binti kutoka nje: "Sukumeni yaje huku! Dada, sukuma!" Alikuwa ameuvuta mlango, anayatupa majora uani. Mkono ulionitoa mle ndani ulikuwa wake.

Tulitoka wote, ila mzee alivunjika mkono. Mkaguzi alipofika alitaka kujua nani mwenye dhamana ya mlango.

"Ni mimi," binti akasema.

Alingoja kidogo, akinitazama. Nami nikanyamaza. Tajiri akamfukuza palepale, akamvua ufunguo, akanivisha mimi.

Nilimsindikiza hadi barabarani, sijui kwa nini. Tulipoagana alinishika bega.

"Dada, usipange tena kitu pale mlangoni," akasema.

Hakuwa na hasira. Akaenda zake mikono mitupu, anatembea kama mtu aliyelala vizuri, nami nikamwonea wivu kuliko siku zote.