Usukani Uliomla Baba Vidole

Mwaka 1992, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo shida ilipoingia nyumbani kwetu Igogo bila kusubiri kukaribishwa. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba kilipunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Mliokulia Mwanza enzi hizo mnaukumbuka ule wakati. Kila nyumba ilikuwa na mwanaume aliyekaa nje Jumatatu asubuhi akijifanya yuko likizo.

Wetu hakukaa. Baba alikuwa na ufundi wa saa aliofundishwa na mjomba wake, akiufanya jioni jioni akitoka kiwandani. Sasa akachukua kiinua mgongo chote akanunua pikipiki. Si hizi za bodaboda mnazoziona leo. Lilikuwa dude la safari ndefu, la Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka nalo Afrika. Malaria ilimlaza hapa Mwanza, naye alipopona akaamua kurudi kwao kwa ndege. Lilikuwa na silinda mbili, tangi limevimba kama tumbo la sangara, na usukani mpana kama pembe za fahali. Shangazi alipoliona akasema mbele yetu sote, "Kaka, wenzako wananunua mashine za kusaga, wewe umenunua kelele?"

Baba akacheka tu. Mpango alikuwa nao. Avuke kwa kivuko mpaka Busisi, azunguke minada ya Sengerema na Geita, ambako wachimba dhahabu walikuwa wakishindana kuvaa saa na hapakuwa na wa kuwatengenezea.

Mimi shule niliacha darasa la tano. Michango ilitushinda na sare yangu ilikuwa viraka vitupu. Nasema hivyo hivyo, sipambi. Lakini msinionee huruma, maana utoto niliula wote. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, tukacheza kombolela katikati ya yale mawe makubwa mpaka mama aite mara tatu, ya tatu akitaja na jina la babu. Tulikula matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, yakitoka moshi sufuriani. Tulikula furu wadogo waliokaangwa mpaka wakawa kama karanga. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa, sangara akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mfupa wa mgongo. Mama aliyakaanga hadi mfupa wenyewe ukatafunika. Nikiwasimulia wanangu wanakunja pua. Hao, samaki akiwa na miiba, wanatafuta kwanza video ya kuwaonyesha namna ya kumla.

Nilipoacha shule nikawa nashinda na baba kwenye meza yake. Kazi yangu ilikuwa kumpa koleo ndogo na kutafuta skrubu zilizoanguka. Skrubu ya saa ya mkononi ni ndogo kuliko chawa. "Usipumue juu yake, mayu," angeniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita toka nazaliwa. Mikono ya baba wakati ule ilikuwa haina haraka. Aliinua kile kitu kisichoonekana, akakishusha mahali pake, na saa ikaanza kutembea. Mimi nikaamini hakuna mtu mkubwa zaidi ya baba kati ya Igogo na Kirumba.

Baada ya miezi kama mitano ya minada, mikono ile ikabadilika. Akitoka safari alishuka akikunja na kukunjua vidole kama mtu anayekanda unga. Koleo zikawa zinamtoka. Ganzi, akasema, itaisha. Haikuisha. Mama akawa anamkanda kwa samli ya moto. Majirani wakaja na ya kwao, kwamba mafundi saa wa mjini wamemtupia kitu kwa wivu. Baba hakubisha wala hakukubali. Alificha tu mikono mfukoni wageni wakija, na mimi nikaona anavyoificha.

Sasa nikaamua kutibu. Siku moja nilishika usukani injini ikiwa inawaka, nikasikia mikono inawasha mpaka kiwikoni. Jirani yetu alikuwa fundi baiskeli, na kwake dawa ya kila kitu ilikuwa kukaza. Nikaazima spana. Chini ya usukani nikakuta bushi mbili, yaani pete za mpira zinazoukalia, zimechakaa na kupasuka. Nikajiambia, adui ndiye huyu, kitu laini kama hiki kitashikaje usukani? Nikazitoa, nikaweka pete za chuma nilizookota kwa fundi baiskeli, nikakaza mpaka spana ikalia. Usukani ukawa mgumu kama nguzo. Sikumwambia mtu, na kesho yake baba akaondoka nayo mnadani. Nilitaka baba arudi aseme mwenyewe kwamba pikipiki imepona.

Alirudi siku ya pili badala ya ya nne. Akaegesha, akakaa kwenye kigoda na mikono magotini, viganja juu. Mama akamuuliza, "Baba Kabula, mbona mapema?"

"Nimeharibu saa ya mtu," akasema. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mzee kule Sengerema, aliyoipata kwa baba yake. Unywele wa saa, ile springi nyembamba kuliko zote, ulimponyoka ukajipinda kwa sababu vidole havikujua kama vimeushika au la. Watu wakacheka pale mnadani: "Mzee, punguza gongo!" Baba yangu hakuwahi kuionja gongo.

Akaendelea, "Safari hii imekuwa mbaya kuliko zote. Nauza hii pikipiki. Nitakwenda kubeba mizigo kule kwenye minofu. Mzigo hauhitaji vidole."

Mimi machozi yakanitoka, nikasema yote, bushi, pete, spana. Nilijua nachapwa. Enzi zetu mtoto alichapwa kwa kuvunja glasi, sembuse kuvunja mikono ya baba yake.

Baba akanigeukia. "Ulitaka kunisaidia?"

"Ndiyo baba."

"Basi umenifundisha kitu. Ulipoweka chuma, ikazidi. Kwa hiyo kinachoniua kinatoka kwenye hii pikipiki, si kwa mchawi." Kisha akanyanyua mikono yake. "Hii haisikii tena, mayu. Yako inasikia. Utanisikilizia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi. Asubuhi iliyofuata alinipandisha mbele yake kwenye tangi, viganja vyangu vikiwa juu ya usukani katikati ya vyake. Tukapanda Isamilo.

"Unasikia nini?"

"Inatetemeka."

"Kama nini? Saa haiambiwi mbovu tu, sema inavyolia."

"Kama nyuki kwenye chupa."

Tukafika juu, akageuza, tukaanza kushuka. Katikati ya mteremko akazima injini. Ukabaki upepo tu na matairi. Usukani ukatulia kama meza ya chakula.

"Nyuki wamekwenda wapi?"

"Wameondoka!"

"Basi matairi hayana kosa. Yangekuwa yamepinda, tungetetemeka hata sasa. Shida iko kwenye injini."

Nyumbani akaisimamisha kwenye stendi kubwa, akaiwasha, akawa anaongeza mafuta kidogo kidogo. Mimi nikapitisha kiganja kila mahali, kwenye chasisi, chini ya tangi, pa kuwekea miguu, nikimwambia pale inaponguruma na pale inapowasha. Mbele, kwenye bolti inayofunga injini na chasisi, nikasikia mlio wa peke yake, kama meno yanayogongana kwa baridi. Akazima. Nati ya bolti ile nikaizungusha kwa vidole tu! Injini ilikuwa inacheza ndani ya chasisi, na ule mchezo wote ulikuwa unapanda hadi mikononi mwake.

Hiyo ndiyo iliyotakiwa kukazwa, tukaikaza. Mimi nilikaza kwingine kote isipokuwa hapo.

Pete zangu za chuma akazitoa, akanipa nikazitupe mwenyewe. Chuma kikikaa juu ya chuma hupitisha kila kitu, akanieleza, mpira ndio unaomeza. Lakini bushi mpya tungezipata wapi? Tukakata malapa ya mama. Yakawa laini mno, usukani ukayumba, na mama akabaki peku akilalamika, "Mmekula malapa yangu na dude lenu bado linalia!" Tukajaribu kipande cha tairi, kikawa kigumu mno. Mwishowe tulikata tyubu ya lori, tukaibandika tabaka juu ya tabaka, tukaishindilia mahali pake. Ikakubali.

Wale nyuki walipungua, lakini hawakuisha. Baba akawaza siku mbili. Siku ya tatu tukashuka Mwaloni, Kirumba, kwa mvuvi mmoja Mkerewe aliyewahi kutengenezewa saa ya ukutani. Baba akamwomba risasi, vile vipande vizito vinavyofungwa chini ya nyavu ili zizame.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Hebu niambie wewe, baba yako anataka kuvua kwa pikipiki?"

Wavuvi wote wakaangua kicheko, lakini risasi akatupatia kopo zima. Tukaziyeyusha, tukamimina kwenye vipande vya bomba, tukazifunga tyubu na kuzigonga ndani ya ncha mbili za usukani. Bomba jepesi hutetemeka upesi, likipata uzito linakuwa vivu. Nikashika, injini inawaka, na nyuki wakawa mbali kabisa, kama wako kwa jirani.

Baba alipumzisha mikono wiki tatu, mama akikanda. Kisha tukaenda Busisi na kurudi, mimi nikiwa nyuma sasa, nikimkumbusha njia nzima, "Usiubane, baba, shika kama kifaranga." Tuliporudi akakaa mezani, mama akaweka sahani nyeupe na skrubu moja ndani yake. Koleo zikateleza. Zikateleza tena. Mara ya tatu skrubu ikapanda juu, ikakaa hewani bila kutikisika, na hakuna aliyepumua. Mama, ambaye hakulia siku baba alipopunguzwa kazi, akasema anakwenda kuangalia uji. Hapakuwa na uji.

Vidole viwili vidogo vya mkono wa kushoto havikurudi kabisa. Vilivyobaki vilitusomeshea wadogo zangu wanne.

Siku hizi Busisi ni daraja, unavuka kabla hujamaliza kuhesabu nguzo. Vijana wanakuja kwangu muziki umefunguliwa mpaka vioo vinacheza. "Shikamoo mama. Fundi yuko wapi?" Nasema unaongea naye. "Piki inatetemeka, simu imesema nibadilishe usukani." Namwambia zima muziki, weka kiganja hapa, unasikia nini? Ananiangalia kama nimeomba damu. Si wabaya. Wana spana tusizowahi kuziota. Ila hawakuwahi kukaa kwenye tangi, viganja vyao katikati ya viganja vya baba, wakiulizwa inalia kama nini, mtu akasubiri jibu lao kama la daktari. Hicho nawaonea huruma.

Mimi wa darasa la tano nina karakana Igogo, milango mitatu. Nina mashine mbili za kulehemu na kompresa. Nina mafundi sita, wawili wasichana. Nina nyumba Buhongwa, imepigwa plasta ndani na nje. Nina ng'ombe wanne kwa shemeji, Misungwi. Baba ninaye, amepita themanini, na shati lake anafunga vifungo mwenyewe.