Makanyagio ya Ndege ya Kaka

Kaka yangu aliwahi kurusha ndege kwa miezi saba. Pale nyumbani hatukuisimulia kama jambo la kujisifu; ilikuwa habari tu, kama mtu anavyosema aliwahi kuishi Moshi. Alichaguliwa kusomea urubani katika ile miaka ambayo sisi wengine tulipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na tukaishia kuoshea vyombo majivu. Akafundishwa, akarushwa na mwalimu, akarusha peke yake mara mbili. Kisha mafuta yakakosekana, vipuri vikakosekana, fedha za kigeni za kuviagizia hazikuwepo. Wanafunzi wakaambiwa warudi makwao, wataitwa.

Hakuitwa. Akapata ukarani kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe, akaoa, akazaa, na kwa miaka mingi kila Ijumaa kabla ya sala alipita posta kuuliza kama kuna barua.

Mimi ni mdogo wake kwa miaka tisa. Nilirithi kibanda cha redio cha marehemu baba, pale Nguvumali. Baba alinifundisha kuchomelea nyaya za redio kwa risasi nikiwa bado msichana wa shule, na alipofariki sikuona sababu ya kufunga. Wateja ndio walioiona. Mtu anaingia, ananikuta nina bisibisi mkononi, redio iko wazi mbele yangu, naye anauliza, "Fundi yuko wapi?" Kaka akiwepo hakunisubiri nijibu. "Fundi ndiye huyo unayemtazama," alikuwa akisema, tena kwa sauti, wapita njia wasikie. Alinifungia redio za wafanyakazi wenzake kwenye keria ya baiskeli, tatu nne kwa mpigo, akazileta kutoka Pongwe. Sifa niliyokuwa nayo mjini, nusu yake ilitoka mdomoni mwake.

Mambo yalipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kumiminika kupitia mpaka wa Horohoro, kaka alinunua kompyuta iliyotumika kwa jamaa mmoja wa Mombasa. Ilikuja na programu ya kurusha ndege, usukani wa mkono, na makanyagio mawili ya miguu. Alinieleza kwamba miguu ya rubani ndiyo inayogeuza usukani wa mkiani, na kwamba bila miguu ndege ikikimbia uwanjani haikai kwenye mstari. Siku ya kwanza alinawa miguu kabla ya kukaa. Mkewe alimcheka, lakini mimi nilimwona uso wake, sikucheka.

Haukupita mwezi makanyagio yakaanza ukorofi. Mshale wake kwenye kioo ulikuwa unatetemeka hata miguu ikiwa chini. Kaka akaniletea kibandani, akayaweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Nilipoyafungua nilifurahi, maana ndani hamkuwa na maajabu. Palikuwa na volyumu moja, kama ile ya kuongezea na kupunguzia sauti ya redio. Mguu ukisukuma kanyagio, volyumu inazunguka, na kompyuta inajua mguu umefika wapi. Hii ilikuwa imelika ndani. Niliisafisha kwa pamba na spiriti, ikatulia siku mbili, ikarudia. Basi nikaing'oa, nikatafuta nyingine kwenye kopo langu la vipuri vya redio. Nilipoipima kwa mita kutoka mwisho hadi mwisho, ukinzani wake ulikuwa sawasawa na wa ile ya zamani. Nikaichomelea, nikafunga, nikamwambia kaka hiyo itamzika.

Jumapili alasiri nikaenda kwake kuona inavyofanya kazi. Walikuwepo wenzake wawili wa shambani, wamekuja kuiona hiyo ndege, na wifi alikuwa amekwisha kumimina chai. Kaka akakaa, akawasha, ndege ikaanza kukimbia uwanjani. Katikati ya mbio ikaruka kulia, ikaingia majanini. Akaanza upya. Ikaingia majanini tena.

"Huku kulia kuna kitu," alisema. "Nikikanyaga kidogo haisikii. Nikiongeza inaruka."

Nilipiga magoti chini ya meza, nikayasukuma makanyagio kwa mkono. Nikayapeleka mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, nikayaachia yarudi katikati. Mshale ulifika kote nilikotaka ufike.

"Ni mazima," nikasema.

Akajaribu mara ya tatu. Majanini. Mmoja wa wale wenzake akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Labda angetafutwa fundi wa kompyuta."

"Fundi ndiye huyu," kaka akamjibu bila kugeuka. Kisha akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, hebu angalia tena. Hapa katikati, kabla ya kufika mwisho."

Ningeangalia tena, yasingetokea yaliyotokea. Lakini masikioni mwangu lilikuwa limebaki lile neno la fundi wa kompyuta, na wateja wote walioniuliza fundi yuko wapi walikuwa kama wamesimama nyuma yangu. Nikainuka, nikajipangusa magoti.

"Kaka, chombo ni kizima. Mguu ndio haujui. Labda ndiyo maana hawakukuita."

Wifi aliweka birika chini. Kaka alitoa miguu kwenye makanyagio, mmoja, kisha wa pili, akavaa ndala zake. "Labda," akasema. Akawauliza wageni kama chai ina sukari ya kutosha.

Hakunikasirikia. Aliendelea kuniletea redio za Pongwe, na wateja wakiuliza aliendelea kuwajibu vile vile. Ila kompyuta ilifunikwa khanga, na makanyagio yakasukumwa uvunguni mwa kitanda. Mimi nikajiambia amechoka na mchezo, watu wazima huchoka.

Miezi mitatu baadaye mama mmoja alirudisha redio niliyokuwa nimembadilishia volyumu. Alikuwa amekasirika. "Redio haina sauti ndogo," aliniambia. "Nikigusa tu inapiga kelele, inaamsha nyumba nzima." Niliwasha, nikazungusha. Alisema kweli. Nikaitoa volyumu ile, nikatoa koponi na nyingine ya aina niliyomfungia kaka, nikazipima kwa mita, na safari hii sikuruka kutoka mwisho hadi mwisho. Nilizungusha kidogo kidogo, nikisoma kila hatua.

Ile ya mama ilikuwa inapanda sawasawa. Nyingine ilikuwa inapanda kwa kusitasita, ikipita nusu inarukia juu. Hii ya pili ndiyo inayofaa redio, imetengenezwa hivyo kwa sababu sikio la mtu ndivyo linavyosikia sauti ikiongezeka. Zote mbili zilikuwa na kipimo kile kile mwanzo na mwisho. Tofauti ilikuwa hapo katikati, mahali kaka aliponiambia niangalie.

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Yule mama akaniuliza kama naumwa.

Makosa ya kazi humpata kila fundi, na hilo ningeweza kulibeba. Lakini sikwenda kwa kaka siku ile. Wala wiki ile. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda jioni, na jioni nilipata sababu. Nikifikiria kuanza, "Kaka, ile siku," nilivuta redio nyingine nikaanza kuifungua. Niliona haya, na haya zile zilinichukua mwezi na ushei.

Katika mwezi huo alikuja Tanga mtu aliyesoma naye urubani. Yeye alikuwa amepata njia nyingine ya kumalizia masomo, na sasa alirusha ndege ndogo za watu binafsi. Alikuwa na safari ya kwenda Pemba na kurudi, kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, akamtafuta kaka mpaka akampata. Akamwambia wakifika juu atampa ashike usukani kidogo.

Kaka alikataa. Wifi alinihadithia nilipofika hatimaye, na volyumu ya sawasawa mfukoni. "Mgeni alimbembeleza mpaka akaona haya," aliniambia. "Kakako wa watu kumbe alikuwa analia machozi ya ndani. Akasema miguu yake haikuwa ya kazi ile, na kwamba amekwisha kulijua hilo."

Nilimkuta kaka uani anatengeneza baiskeli.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, fundi."

Nikamweleza yote nimesimama: volyumu ya redio, jinsi inavyoruka, jinsi nilivyopima mwanzo na mwisho nikaacha katikati. Nikamwambia mguu wake ulikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Nikamwomba anisamehe kwa lile neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa grisi.

"Nimekusamehe," alisema. "Tena siku ile ile." Akajipangusa mikono. "Lakini nikwambie kitu. Uliposema vile, niliumia, kisha nikapumzika. Miaka yote nilikuwa nasubiri. Nikajiambia, basi, hata wangeniita nisingeweza. Nikaacha kupita posta. Sasa unaniambia ningeweza?"

Nilimwuliza kama nimfungie volyumu mpya ajaribu hata mara moja. Akatikisa kichwa, akaniomba nimshikilie gurudumu akaze nati.

Nilimshikilia. Tulipomaliza aliliinua gurudumu, akalizungusha kwa kidole, tukaliangalia likizunguka bila kuyumba. Akasema limekaa vizuri. Wifi akatuita tukale.

Kompyuta ile waliiuza mwaka uliofuata. Makanyagio mnunuzi hakuyataka, nikayachukua mimi. Niliyafungua, nikayafungia ile volyumu ya sawasawa, kazi ya nusu saa. Hakuna aliyewahi kuyakanyaga tangu hapo. Kaka amestaafu, tunatembeleana, tunazungumza habari za watoto na mvua. Lile neno nililosema mbele ya wageni nimekwisha kulitubu. Ule mwezi niliokaa kimya, huku kiti cha ndege kikimsubiri, sijui namna ya kuutubu.