Muziki Uliopita Ukutani

Juzi, wakati wa mapumziko ya mchana, mwenzangu kazini aliegemeza simu yake kwenye chupa ya maji akafungua tamthilia ya zamani ya upelelezi. Tulikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya duka, huku Al Barsha, Dubai, nami nilikuwa na wali mdomoni. Zikaanza ngoma ndogo ndogo, kama mtu anayenyata kwenye ngazi. Zikafuata fidla, zikapanda, zikapanda tena, halafu zikatulia kwenye sauti moja ndefu. Nikaweka kijiko chini. Mwenzangu akaniuliza kama nimeona jini.

Sijui kama muziki unaelezeka kwa maandishi, na mimi shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo mnivumilie. Huo muziki niliujua kabla sijajua kusoma vizuri.

Nilikulia Al Garhoud, kwenye jengo la zamani ambalo ndege zilipita juu yake chini sana, mpaka vikombe vikagongana kabatini. Baba alikuwa dereva wa kampuni na Mama alifanya usafi hotelini. Ukuta wa sebule yetu ndio uliokuwa ukuta wa sebule ya Bi Salama, mjane wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake na kuzungumza Kiarabu kama maji. Mimi nilimwita Bibi. Kila Jumanne, baada ya adhana ya isha, alifungua tamthilia yake ya upelelezi, na muziki wa mwanzo ukaingia kwetu kana kwamba ukuta haupo. Kiarabu chetu kilikuwa cha yalla na khalas, yaani twende na basi, kwa hiyo hadithi yenyewe hatukuifuata. Sisi wetu ulikuwa muziki.

Jumanne ndiyo pia ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya kwetu. Wanakwaya walikuwa walinzi, wahudumu na mayaya, Wakenya na Waganda, na hiyo ndiyo jioni pekee ambayo zamu zao zilipatana. Walivua viatu mlangoni, wakasukuma makochi, sebule ikajaa harufu ya soksi na marashi ya hotelini. Kinanda hatukuwa nacho. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Barasa, aliyekuwa mlinzi wa benki, alianzisha nyimbo kwa kukisia, na taabu ilikuwa hapo. Mwaka uliotangulia, kwenye tamasha la Krismasi, alikisia juu mno. Kufika ubeti wa pili masoprano walikuwa wanalia badala ya kuimba, na kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo mbele ya ukumbi mzima. Kwa haki niseme Mwalimu alikuwa na homa siku ile, na hakuna mwingine aliyejitolea kuanzisha. Lakini Kizito, Mganda wa besi, hakuliacha hilo lipite.

"Mwalimu, ulitupandisha mpaka ghorofa ya kumi, halafu lifti ikakatikiwa umeme," alikuwa akimwambia.

Wote walicheka isipokuwa Mama. Yeye alisimama soprano wa mbele, na alikuwa amesema wazi kwamba ikitokea tena, haimbi tena mbele ya watu. Mimi nilijua alivyorudi kutoka kazini, miguu imevimba, hana neno kwa mtu, na nilijua uso wake ulivyofunguka akianza kuimba. Sikutaka tuupoteze ule uso. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiogopa kuliko giza.

Basi Jumanne moja Mwalimu Barasa alikuwa ameshafungua mdomo aanzishe, muziki wa Bi Salama ukamtangulia. Alingoja kwa adabu. Ilipofika ile sauti ndefu ya mwisho, akainua kidole, akasema, "Shikeni hiyo hiyo." Wakaishika. Wimbo ukamkaa kila mtu mahali pake, hata Kizito akaimba bila utani. Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wetu: muziki unapiga, unakwisha, upande wa pili wa ukuta kunakuwa kimya, kwaya inaanza. Nilidhani ile ni tamthilia ya watu wanaonong'ona.

Ile sauti ilinikaa kichwani. Ungeniuliza Jumamosi ningekuimbia, na Jumanne ikija inalingana na ya fidla. Sidhani kilikuwa kipaji. Labda kichwa changu hakikuwa na mzigo mwingine. Hata hivyo Mwalimu Barasa alinijaribu mara kadhaa, akaridhika, akasema kwenye tamasha mimi ndiye nitakayewapa sauti ya kuanzia.

Raha yangu nyingine ilikuwa Jumatano. Nikitoka shule nilipitia kwa Bi Salama, nikakaa kwenye zulia na chai ya maziwa yenye iliki, naye akanisimulia yaliyotokea jana yake kwenye tamthilia. Alisimulia kwa mikono na macho, akasimama kuonyesha mtu alivyoanguka. Muuaji karibu kila wiki alikuwa mwuza dawa mwenye masharubu. "Yule mie namjua, mwanangu," alikuwa akisema. "Mtu mwema hatazami mlango namna ile."

Ukumbi wa tamasha mwaka ule ulipatikana Jumanne. Mama alinipa simu yake, na tulikubaliana na Bi Salama kwamba saa ya muziki ikikaribia nimpigie, naye aiweke simu yake karibu na televisheni. Lakini kwaya iliyotutangulia iliongeza nyimbo, na mwenye zamu ya mlango akanizuia nisipige simu hadi watoke jukwaani. Hakuwa na kosa, hiyo ndiyo kazi yake. Nilipompata Bi Salama, kwaya yetu ilikuwa imeshajipanga nyuma ya pazia. Nikajaribu kuitafuta sauti kichwani, nikakuta nyimbo za wengine zimekijaa. Mama alikuwa akinitazama.

"Umeshapita, mwanangu," Bi Salama akasema. "Saa hizi wanakimbizana tu, sauti nimeizima kama siku zote."

Nikamwambia nimeisahau, na nadhani nilikuwa nalia.

"Mie sikio hilo sina, sitakudanganya. Lakini sikiliza. Kila Jumanne muziki ukisha, kunakuwa kimya hiki hiki, kisha mamako na wenziwe wanaanza. Jifanye uko kwenye zulia langu. Haya, nakunyamazia."

Akanyamaza. Nikasikia kiyoyozi chake kikinguruma na tasbihi yake ikigonga taratibu. Nikafumba macho. Fidla zikaja zenyewe, zikapanda, zikatulia. Nikaiimba ile sauti sikioni mwa Mwalimu Barasa kabla haijanitoka, pazia likafunguka.

Waliimba wimbo wote. Mama alipofika kule juu uso wake ulikuwa kama wa msichana. Wakishuka, Kizito akanipigia saluti akasema, "Leo tumepanda kwa ngazi, tumefika wote."

Kwa miaka mingi nilidhani hadithi imeishia hapo. Sasa Kiarabu nakijua, cha kazini, lakini kinatosha. Jioni ile ya juzi nilirudi nyumbani, nikajilaza kitandani nikatazama tamthilia ile sehemu baada ya sehemu. Mwuza dawa mwenye masharubu hajaua mtu. Ni mjomba wa mpelelezi, mtu wa dini, anayewaletea watu dawa majumbani. Wala hawanong'oni, wanapigiana kelele mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kumtendea haki Bi Salama, nikasema labda alisahau, labda alichanganya na nyingine. Ndipo nikakumbuka maneno yake kwenye ile simu ya tamasha: sauti nimeizima. Kama siku zote.

Siku hizi anaishi na mwanawe Jumeirah Village Circle. Ijumaa nilikwenda kumwona, nikamwekea ule muziki. Alitikisa kichwa mpaka mwisho, kisha mkono wake, kwa mazoea tu, ukatafuta mahali pa kupunguzia sauti.

"Muuaji ni yule wa masharubu, siyo?" akaniuliza.

Mimi ni mtu wa kusema mambo yalivyo, hata yakiniumiza mwenyewe. Nikamwambia ndiye, Bibi, wamemkamata. Utotoni nilishangaa ukuta gani huu, unaopitisha muziki na kuzuia maneno.